Kutoa plastiki ndogondogo kwenye majitaka: ukiambiwa "asilimia 90", uliza imepimwaje

Mleta uzi:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni fundi wa maabara ya maji, huu mwaka wa tisa. Kila baada ya wiki mbili tatu kuna ndugu ananitumia video ileile kwa WhatsApp: bamia inatoa plastiki kwenye maji kwa asilimia 90. Chini yake swali: "Sasa nyie mnasubiri nini?" Swali ni la haki kabisa, na nimeona nilijibu hapa mara moja badala ya kumjibu mmoja mmoja. Bamia inafanya kazi, na mtu asiondoke hapa akidhani nimekuja kuiponda. Ila hiyo asilimia 90, kabla hujamrushia mwingine, uliza: ni 90 ya plastiki ipi, imehesabiwa kwa wavu wenye tundu la ukubwa gani, na ikishatoka kwenye maji imekwenda wapi?

Tunazungumzia plastiki ndogondogo, kwa Kiingereza microplastics, yaani vipande visivyozidi milimita 5, hadi vile visivyoonekana kwa macho. Jina hili lilishika kuanzia mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walipoandika kuhusu plastiki iliyopotelea baharini. Kwenye majitaka ya majumbani mgeni mkubwa ni nyuzi za nguo. Mwaka 2016 Thompson huyohuyo na Imogen Napper walionyesha kwamba mzigo wa kilo 6 wa nguo za akriliki ukifuliwa mashineni unaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Kwa hiyo katazo la mifuko ya plastiki, Kenya 2017 na sisi Tanzania 2019, nalishukuru sana, lakini halimgusi mtu mwenye sweta.

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote. Glasgow, Scotland, kuna mtambo wa majitaka kwenye Mto Clyde unaohudumia kiasi cha watu 650,000. Watafiti walichota maji kila hatua, wakachapisha mwaka 2016. Maji yanapoingia yana vipande 15.7 kwa lita. Yakishapita sehemu ya kutega mchanga na kuengua mafuta yanabaki na 8.7. Yakitulia kwenye tangi la kwanza, 3.4. Yanapoingia mtoni yana 0.25. Zaidi ya asilimia 98 imetoka, na mtambo wenyewe haukujengwa kwa ajili ya plastiki kabisa.

Hapo mtu anapiga makofi. Ngoja. Walipozidisha hiyo 0.25 kwa maji yote yanayotoka, wakapata vipande milioni 65 kila siku vinaingia mtoni. Namba zote mbili ni za mtambo mmoja, za utafiti mmoja, na zote ni za kweli. Anayetaka kukutuliza atakupa ya kwanza, anayetaka kukutisha atakupa ya pili.

Rudini tena kwenye zile hatua. Kutoka 15.7 hadi 3.4 ni karibu asilimia 78, na yote hiyo imetoka kabla bakteria wanaokula uchafu hawajaanza kazi. Ni kutuliza maji, kutega mchanga na kuengua mafuta. Mafuta yale ya juu ndiyo yaliyokutwa yamejaa plastiki kuliko kitu kingine walichopima. Kwa nchi zetu hii ni habari kubwa, nitairudia.

Ngoja nipate chakula, nikirudi nitaeleza vipimo.

Mdau wa Mwanza:

Nafuatilia kwa karibu, mkuu. Huku ziwani tulishaambiwa samaki wana plastiki tumboni. Ni kweli au ni stori za mitandaoni?

Mleta uzi:

Ni kweli, na utafiti wenyewe ulifanyika hapohapo Mwanza. Ulitoka 2016. Walinunua sangara 20 na sato 20 sokoni, wakapasua matumbo. Walivyoshuku kuwa plastiki vilikuwa kwa samaki wengi zaidi, lakini walipovipitisha kwenye kipimo cha miale ya infraredi, vilivyothibitika vilikuwa kwa samaki mmoja kati ya watano, sangara kwa sato. Ndio ushahidi wa kwanza uliochapishwa kwa maziwa makuu ya Afrika.

Ona walivyokuwa waaminifu: kwa sangara walianza na zaidi ya nusu, kipimo kikawashusha hadi asilimia 20, nao wakaandika 20. Wangeishia kwenye macho tu, leo tungekuwa na namba kubwa zaidi na ya uongo. Macho yanadanganya, wakuu. Unyuzi wa pamba uliotiwa rangi, chini ya hadubini, unafanana na poliesta mpaka unakasirika.

Na hapa niwape yaliyonikuta mwenyewe. Mara ya kwanza nilipojaribu kipimo hiki, kabla ya kugusa majitaka nilichuja maji safi tu, yale ya maabara, ili nione kichujio kitupu kinafananaje. Karatasi ile nikaiweka chini ya hadubini. Nikakuta nyuzi za bluu: mmoja umejikunja kama ndoana, mwingine umenyooka na ncha zake zimepasuka, wengine wamelala pembezoni. Kwenye maji safi! Nikarudia, zikarudi. Siku ya tatu ndipo nilipojitazama. Kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kikali, nami nilikuwa nimevaa sweta la mtumba, la bluu. Plastiki niliyokuwa naihesabu ilikuwa inatoka kifuani kwangu.

Tangu siku ile navaa koti la pamba, vyombo ni vya kioo na vimefunikwa kwa foili, na kila nikipima majitaka nachuja pia maji safi kando, yapate hewa ileile na mikono ileile. Kitakachoonekana kule nakitoa kwenye hesabu. Ukisoma utafiti usiotaja sampuli safi ya namna hiyo, uweke pembeni kwanza.

Sasa vipimo. Majitaka yana uchafu mwingi wa asili: karatasi za chooni, nywele, mafuta, mabaki ya chakula. Unaanza kwa kuyapitisha kwenye nyavu za chuma. Kinachobaki unakichoma kwa peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 30 pamoja na chumvi ya madini ya chuma, kwa joto la nyuzi 75 hivi. Inachemka kwa hasira, hivyo fanya kwenye kabati lenye feni ya kuvuta hewa. Uchafu wa asili unaliwa, plastiki nyingi inabaki. Baadaye unaielesha kwenye maji ya chumvi. Chumvi ya kawaida ya mezani inafikisha uzito wa gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo, na hapo polietilini, polipropilini na hata nailoni zinaelea. Lakini poliesta ya nguo ina 1.38. Inazama! Mtu akitumia chumvi ya mezani peke yake, nyuzi za poliesta, za kundi lile la nguo tulilosema ndilo mgeni mkubwa, zinabaki chini na matope, naye anaandika kwamba maji ni masafi. Ndiyo maana wenye uwezo wanatumia zinki kloraidi, ambayo ni nzito zaidi, ingawa ni ghali na si kitu cha kumwaga kwenye sinki.

Halafu wavu. Hapa nawapeleka Finland, mji wa Mikkeli. Kulikuwa na mtambo wa majaribio wa utando, yaani majitaka yanapita kwenye bakteria kisha yanavutwa kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipata kwamba utando huo umetoa asilimia 99.9, na maji yaliyotoka yana vipande 0.005 kwa lita. Kundi jingine, mji uleule, teknolojia ileile, likachapisha 2018: maji yaliyotoka yana 0.4 kwa lita. Tofauti ni mara 80! Simwoni mwongo kati yao. Nyavu hazikuwa sawa, kiasi cha maji hakikuwa sawa, wala siku hazikuwa sawa. Ndiyo maana nasema namba isiyo na wavu wake ni nusu ya habari.

Huo utafiti wa 2017 ulijaribu na njia nyingine kwenye mitambo ya miji mingine ya Finland. Chujio la mchanga la kasi lilitoa 97. Njia ya kupuliza viputo vya hewa vipandishe uchafu juu uenguliwe, 95. Chujio la sahani za kitambaa lilicheza kati ya 40 na 98.5. Hiyo ya mwisho ilinifurahisha, maana waliandika hata siku mbaya.

Dada wa dobi:

Kaka asante kwa somo. Mimi nina biashara ndogo ya kufua, mashine mbili. Kumbe mimi ni mmoja wa wanaochafua? Nifanye nini na maji yangu yanaingia chemba ya mtaa?

Mleta uzi:

Dada yangu, usijisikie vibaya, umeuliza swali ambalo wenye viwanda wengi hawajajiuliza. Kwenye bomba la kutolea maji la mashine unaweza kufunga kichujio cha wavu mwembamba. Wafaransa kwenye sheria yao ya 2020 waliandika kwamba mashine mpya za kufulia ziwe na kichujio cha nyuzi kuanzia 2025, kwa sababu kuzinasa mlangoni ni rahisi kuliko kuzitafuta mtoni. Neno moja tu: kichujio kikijaa usikioshe kwenye sinki. Utakuwa umezirudisha kulekule. Acha ule utando wa nyuzi ukauke, ubandue kwa mkono, uutie kwenye taka ngumu. Na mashine ijazwe vizuri. Nguo chache kwenye maji mengi zinasuguana zaidi.

Mzee wa mabwawa:

Vijana, nimesoma yote. Nimefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka zaidi ya miaka ishirini, nimestaafu. Ninyi mnazungumza utando na Finland. Huku kwetu ni mabwawa: la kwanza refu kina, la pili pana, la tatu la kusafishia. Nawaeleza nilichokiona. Upepo wa mchana unasukuma povu lote kona moja ya bwawa la kwanza. Mkiliangalia kwa karibu, lile povu si uchafu tu, lina vifuniko, vijiti vya pamba vya masikioni, vipande vya mifuko, pedi. Tulikuwa tunalivuta kwa reki tunaliweka ukingoni. Likikauka, upepo wa jioni unalirudisha majini. Tulifanya hivyo miaka. Na tope likitolewa na kuanikwa, wakulima wanakuja na magunia yao alfajiri. Mchicha unastawi kweli. Je, hiyo plastiki imekwenda wapi?

Mleta uzi:

Shikamoo mzee. Hicho ulichoandika ndicho nilichotamani kiingie kwenye uzi huu, na nisingekisema vizuri kama wewe.

Imekwenda shambani. Plastiki inayotoka kwenye maji haipotei, inahamia kwenye tope. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walikadiria kwamba kwa njia ya tope la majitaka, mashamba ya Ulaya yanapokea kati ya tani 63,000 na 430,000 za plastiki ndogondogo kwa mwaka. Upana wa makadirio hayo unaonyesha kipimo bado ni kigumu, lakini hata ile ya chini si mchezo. Kwa hiyo mtambo unaojivunia asilimia 99 huku tope lake linaenda kwenye mchicha, umehamisha tatizo kutoka kwa mvuvi kwenda kwa mkulima.

Na lile povu la kona, mzee, ndilo lile fungu la mafuta la Glasgow. Plastiki nyepesi na mafuta zinapendana. Likikaa juani wiki kadhaa, jua linaivunja plastiki inakuwa vipande vidogo zaidi, vile ambavyo hakuna reki itakayovivuta. Nikipewa fedha kidogo za kutumia kwenye mabwawa yetu, sitaanza na bamia wala utando. Nitaweka kizuizi cha povu kabla ya mdomo wa kutokea maji, ili maji yatoke kwa chini na si juu. Nitaweka zamu ya kuengua, na kinachoenguliwa kiingie kwenye pipa lenye mfuniko siku ileile, kisilale ukingoni. Kisha nitaomba tope lipimwe kabla ya kupewa mkulima. Hayo yote fundi mwashi na mlinzi wa bwawa wanayaweza.

Mzee, mlikuwa mnatoa tope kila baada ya muda gani?

Mzee wa mabwawa:

Marahaba. Iliandikwa kila baada ya miaka michache. Ukweli ni kwamba tulitoa pale maji yalipoanza kupita juu juu kwa sababu bwawa limejaa. Hapo maji hayatulii tena, yanaingia huku yanatokea kule.

Mleta uzi:

Basi hapo hata ile asilimia 78 ya bure, ya kutulia tu, inapotea. Bwawa lililojaa tope ni mfereji. Asante sana mzee.

Mwanafunzi mwaka wa nne:

Habari kaka. Mimi mradi wangu wa mwisho nataka kufanya hiyohiyo bamia, na mlonge kama kulinganisha. Nimeambiwa na msimamizi nianze. Naomba ushauri, na je ile 90 ni ya kweli au la?

Mleta uzi:

Mdogo wangu, hongera, mada nzuri.

Namba zenyewe ni hizi. Ni kazi ya Rajani Srinivasan na wenzake, Tarleton State University, Texas, imetoka 2025. Waliloweka bamia na mbegu za uwatu usiku kucha, wakatoa ule ute, wakaukausha ukawa unga. Wakatia gramu moja kwa lita kwenye maji waliyoyawekea plastiki wenyewe. Uwatu ulitoa asilimia 93 kwa saa moja, bamia 67, mchanganyiko wa nusu kwa nusu 70 kwa nusu saa. Kisha wakaenda kwenye maji halisi: bamia ikafanya vizuri zaidi kwenye maji ya bahari, kama 80; uwatu kwenye maji ya chini ya ardhi, 80 hadi 90; mchanganyiko kwenye maji ya juu ya ardhi yasiyo na chumvi, 77. Kwa hiyo kule maabara ile 90 ya video ni ya uwatu, bamia imepewa sifa ya jirani yake. Na hayo maji halisi si majitaka ya chooni. Lengo lao la msingi ni kupata mbadala wa poliakrilamaidi, ile dawa ya viwandani ya kugandisha uchafu, na kwa lengo hilo ni kazi safi.

Jinsi inavyofanya kazi unaijua tangu utotoni kama umewahi kula mlenda. Ute una minyororo mirefu ya sukari. Unakamata kipande huku, kipande kule, vinakuwa bonge, bonge linazama. Mimi nilijaribu bamia ya sokoni kwenye mitungi sita ya kioo, na nyuzi nilizokwangua kwenye blanketi la manyoya ya bandia. Nilikoroga haraka dakika moja, kisha polepole. Kwenye maji ya bomba mabonge yalianza kuonekana kama vipande vya pamba vikishuka, nikafurahi. Kwenye majitaka halisi ute ulikamata kila kitu kwanza: mafuta, masizi, mabaki ya sabuni. Nyuzi nyingi zilibaki zinaelea katikati. Ilinibidi niongeze ute mara kadhaa, na hapo nikakutana na tatizo jingine: ute wenyewe ni chakula cha bakteria. Maji yaliyotiwa bamia nyingi yalianza kunuka kesho yake, maana umeongeza uchafu wa asili kwenye maji ambayo kazi yako ni kuupunguza.

Kwa hiyo kwenye mradi wako pima na mahitaji ya oksijeni, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kula uchafu wa majini, kabla na baada. Usipopima, msimamizi wa nje atakuuliza na utakosa jibu.

Mlonge ni wazo zuri. Mbegu zake zina protini yenye chaji chanya, na akina mama wa Sudan wamezitumia miaka mingi kutuliza maji ya Nile yenye tope. Plastiki nyingi majini ina chaji hasi kidogo, ndipo zinaposhikana. Shabu nayo, ambayo ni chumvi ya aluminiamu, iweke kwenye mtungi wa tatu, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye mitambo yetu. Ila usishangae ikikuangusha. Kuna jaribio la 2019 la chumvi ya aluminiamu kwenye polietilini ambalo hata kwa dozi kubwa halikufika asilimia 40, wakati jaribio jingine la 2018, la kugandisha uchafu kwa umeme, lilipata zaidi ya 99 kwa chembe za polietilini kama zile za sabuni za uso. Polietilini kwa polietilini, matokeo mbingu na ardhi. Ukitumia chembe za duara zilizonunuliwa, mpya, laini, utapata namba nzuri na hutajua lolote kuhusu sweta.

Kuna kijana wa Ireland, Fionn Ferreira, alishinda shindano la sayansi la Google mwaka 2019 kwa kutumia mafuta na unga wa madini ya sumaku: plastiki inashikana na mafuta, sumaku inavuta vyote. Alipata 87. Nakutajia kwa sababu alirudia jaribio lake mara nyingi sana, na hicho ndicho nataka ukiibe kwake. Mtungi mmoja ukitoa 93, fanya mingine kabla hujaandika.

Mwanafunzi mwaka wa nne:

Asante sana kaka. Swali la mwisho: nichote lita ngapi? Nilikuwa nimepanga chupa ya lita moja.

Mleta uzi:

Inategemea unachota wapi. Kwenye maji yanayoingia, lita moja mpaka tano zinatosha, na zaidi ya hapo wavu utaziba. Kwenye maji yanayotoka, fanya hesabu: kama yana 0.25 kwa lita kama Glasgow, chupa yako ya lita moja mara tatu kati ya nne haitakuwa na kitu, nawe utaandika "asilimia 100". Kwa maji kama ya ule utando wa Mikkeli, kwa namba ya 2017, ungehitaji lita 200 ili upate kipande kimoja. Usibebe maji. Beba wavu wa chuma, ndoo ya bati yenye alama za lita, na jagi. Simama kwenye mdomo wa kutokea, mimina kwenye wavu ndoo baada ya ndoo mpaka ufikishe lita 100, andika kila ndoo kwa penseli. Ukimaliza, osha wavu kwenye chupa ya kioo kwa maji uliyochuja mwenyewe.

Nenda asubuhi watu wanapofua, na urudi saa nane mchana. Zitakuwa sampuli mbili tofauti.

Na usivae sweta.

Mzee wa mabwawa:

Kijana akija upande huu nitamwonyesha mdomo wa bwawa la tatu, bado nina marafiki pale. Aje na viatu vya mpira, ukingo unateleza.